Ukisikia Barafu Inaanguka, Ingia Ndani

Ikifika Desemba, Waswahili walioko Ulaya na Amerika ya Kaskazini huanza kupigiwa simu na jamaa zao wa nyumbani, na baada ya salamu za watoto, za wazee na za ng'ombe, swali huwa lile lile: "Eti huko barafu inaanguka?" Huulizwa kwa sauti ya pole, sauti anayotengewa mfiwa. Mjomba aliyeko Morogoro anamwona mpwa wake kwa macho ya moyo, amesimama kituo cha basi mjini Toronto huku anga likimmwagia barafu kichwani. Tukilichukua swali hilo kama lilivyoulizwa, basi pole ya mjomba ni ndogo mno. Barafu ni kitu kigumu. Lile pande ambalo mama muuza barafu hulitoa kwenye friza na kulibamiza chini ili liachane na kopo, likidondoka kutoka ghorofa ya pili linampeleka mtu hospitali, na likidondoka kutoka mawinguni hospitali haina kazi tena. Mpwa anayeangukiwa na barafu hapokei simu, anatafuta paa. Kinachoanguka Toronto, taratibu na bila kelele, ni theluji, na theluji bado haijamtoa mtu nundu kwa kumwangukia.

Barafu inayoanguka ipo, ila haihitaji visa. Ukanda wa chai wa Kericho na Nandi, katika nyanda za juu za Kenya, unatajwa miongoni mwa sehemu zenye siku nyingi zaidi za mvua ya mawe duniani, na hesabu inayorudiwa mara kwa mara ni wastani wa siku 132 kwa mwaka. Wakulima wa huko hawahitaji kusimuliwa jinsi majani ya chai yanavyochanika kwa dakika kumi. Kwingineko mambo huwa makubwa zaidi: mwaka 2010 huko Vivian, South Dakota, liliokotwa donge lenye kipenyo cha sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 880, na mwaka 1986 huko Gopalganj, Bangladesh, madonge ya hadi kilo moja yaliua watu 92. Hiyo ndiyo barafu inayoanguka, na lugha yetu, kwa busara zake, imeipa jina la mawe ili mtoto akisikia asitoke nje kucheza. Mjomba wa Morogoro angeelekeza pole zake Kericho, kwanza simu ya huko ingekuwa rahisi zaidi.

Najua wapo watakaosema kwamba huu ni ubishi wa watu walioshiba. Barafu, theluji, yote ni maji yaliyoganda; mwenye kiu hachagui. Wanaosema hivi huwa ni watu wa vitendo, na watu wa vitendo nawaheshimu, lakini wapeleke sokoni wamwambie muuza nafaka awapimie kilo mbili za wali. Muuzaji atawatazama kwanza, kisha atawatazama waliosimama nyuma yao, kutafuta shahidi. Mpunga, mchele na wali ni punje ile ile, haikubadilishwa na nyingine njiani, na bado Mswahili ameitengea maneno matatu kwa sababu kila hali ina namna yake ya kushughulikiwa: mpunga hukobolewa, mchele hupepetwa, wali huliwa. Hakuna anayeliita jambo hilo ubishi. Dai langu ni kwamba barafu na theluji zimetenganishwa kwa sababu ya aina hiyo hiyo, na kwamba anayezichanganya hulipa, ama kwa friji, ama kwa kiuno, ama kwa hoja mbovu kuhusu Mlima Kilimanjaro.

Pingamizi linalokuja mbio kuliko yote ni lile la watu wa pwani: sisi ni watu wa joto, theluji inatuhusu nini? Maneno yenyewe ni ya kuazima, na nguo ya kuazima, kama wahenga walivyosema bila haya, haisitiri matako. Ni kweli yote mawili tuliyaazima. Lakini tazama tulivyoyaazima. Barafu limetokana na barf la Kiajemi, na Tehran hadi leo barf ni theluji. Ile ya kwenye glasi wenyewe huiita yakh. Wahindi walilipokea neno hilo kutoka kwa Waajemi wakalitumia kwa vyote viwili, kile cha vilele vya Himalaya na kile cha kwenye sharubati. Theluji nalo limetokana na thalj la Kiarabu, ambalo vitabuni ni theluji, lakini ukikaa mkahawani Maskati ukataka juisi yako iwe ya baridi zaidi, hilo hilo thalj ndilo utakaloliomba. Kwa hiyo Mwajemi alitupa theluji, Mwarabu akatupa theluji na barafu ndani ya neno moja, na mgawanyo tulio nao leo hawakutupa wao. Waswahili ndio walioyachukua maneno mawili yaliyokuwa yakigombania kazi moja wakayaambia: wewe utakuwa wa kuganda, na wewe utakuwa wa kuanguka. Sisemi kwamba kikao kiliitishwa Lamu na kumbukumbu zikaandikwa. Lugha haifanyi vikao, hufanya mambo kimyakimya na kutuachia sisi kazi ya kushangaa. Ninachosema ni kwamba maneno ni ya wageni, ila tofauti ni ya kwetu. Mzaliwa wa Unguja anayekwenda kuwatembelea jamaa zake Oman akisikia thalj inaagizwa kwa ajili ya soda, kichwa chake cha Kiswahili kinaweza kutafuta beleshi kwanza kabla ya kutafuta glasi.

Ushahidi mwingine uko kwenye vitenzi, na vitenzi ni mashahidi wagumu kuhonga. Barafu huganda, hupasuliwa, hupondwa, hutafunwa, hunyonywa na kuuzwa. Theluji huanguka, hutanda, hufagiwa na kuchotwa. Zinapokutana ni kwenye kuyeyuka tu, ambako hakuna aliyewahi kukwepa. Mtume mtoto wa Tanga dukani akanunue theluji ya ukwaju, atarudi mikono mitupu na wasiwasi juu ya afya ya aliyemtuma. Barafu ya ukwaju, ya ubuyu au ya maziwa, ile inayofungwa kwenye kifuko cha nailoni na kung'atwa pembeni, haiwezi kuwa theluji kwa sababu ilikuwa kitu cha majimaji kwanza, ikamiminwa, ikaganda kwa umbo la kifuko chake. Na hapo hasa ndipo tofauti ya kitaalamu ilipo, mtoto anaijua kabla hajafundishwa fizikia. Barafu hii ni maji yaliyopoteza uhuru wake. Theluji njia yake ni nyingine: juu mawinguni, kwenye baridi kali, mvuke hung'ang'ania kichembe kidogo na kuganda juu yake moja kwa moja, bila kupita kwenye umaji, na fuwele ya pembe sita hukua hapo. Fuwele nyingi hushikana na kushuka zikiwa zimebeba hewa katikati yake. Hewa hiyo ndiyo sababu theluji mpya ni nyeupe na nyepesi, hata sentimita kumi zake zikiyeyuka hutoa kama sentimita moja tu ya maji, wakati sentimita kumi za barafu hutoa zaidi ya tisa. Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo akipewa hesabu hiyo hatakubali kuuziwa kimoja kwa bei ya kingine.

Hata semina zetu zinalijua hili bila kujua kwamba zinalijua. Wawezeshaji wametuletea kutoka ng'ambo desturi ya "kuvunja barafu" asubuhi, ambapo watu wazima wenye ada za watoto za kulipa hurushiana mpira wakitaja majina yao na tunda wanalolipenda, katika ukumbi wa Dar es Salaam wenye joto la nyuzi 33 na feni moja inayolalamika. Barafu ya kuvunja pale hakuna hata ya kwenye maji ya kunywa. Lakini pamoja na ugeni wote wa desturi hiyo, hakuna mwezeshaji aliyesimama akasema "sasa tuvunje theluji," maana ulimi ungemkatalia.

Wenye vitabu vya dini walikuwa makini kuliko sisi wapiga simu. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walipofika sura ya 38 ya Ayubu, pale Mwenyezi Mungu anapomhoji mja wake juu ya hali ya hewa, walikutana na theluji, mvua ya mawe, barafu na sakitu, na kila kimoja wakakiita kwa jina lake. Ayubu alikuwa na majipu mwili mzima, amefiwa na amefilisika, na hata yeye hakuruhusiwa kusema yote ni maji. Waislamu nao wana dua ya kufungulia sala ambamo mja huomba makosa yake yaoshwe kwa maji, kwa thalj na kwa barad, yaani theluji na mvua ya mawe, kila kimoja peke yake. Kuna watu wa Pemba wanaoyatamka hayo kila siku bila kuwahi kuona hata kimoja kati ya hivyo viwili nje ya televisheni. Sasa anayesema theluji haituhusu aniambie ni jambo gani linatuhusu zaidi ya lile tunalosali nalo. Na sakitu, ule umande unaoganda majanini usiku wa baridi, hauhitaji kuulizwa kwa maulamaa: wakulima wa viazi wa Makete na wa Nyandarua huamka asubuhi wakaukuta shambani umeshamaliza kazi.

Sakitu inatuleta jikoni, na jikoni ndiko hasara zinakolala. Ule ukoko mweupe unaoota ndani ya friza za kizamani kila mtu huuita barafu. Kwa haki jina hilo halikustahili, kwa kuwa hakuna aliyemimina maji pale. Mlango ukifunguliwa hewa ya nje huingia na unyevu wake, na mvuke ukigusa ukuta wenye baridi huganda hapo hapo, kwa njia ile ile inayokuza theluji mawinguni. Maana yake ni kwamba mkazi wa Buguruni au Likoni ambaye hajawahi kuvuka mpaka anafuga ndugu wa theluji nyumbani kwake, tena anamlisha umeme wa kulipia kabla. Tatizo huanza kwenye jina. Akishauita ukoko ule barafu, mkono wake hutafuta kitenzi cha barafu, na kitenzi cha barafu ni kupasua. Huchukuliwa kisu cha jikoni. Wenye hasira zaidi huleta bisibisi. Nyuma ya bati lile jembamba pamepita mabomba ya gesi. Sauti inayofuata ni sss ndefu, kisha kimya cha familia nzima, na siku hiyo fundi wa friji anakula kuku. Laiti ukoko ungejulikana kwa ukoo wake halisi, ingekumbukwa kwamba theluji haipasuliwi bali huachwa iyeyuke: chomoa waya, acha mlango wazi, weka ndani sufuria ya maji ya moto, tandika matambara sakafuni, nenda kapige soga kwa jirani.

Mpinzani ataniambia kwamba hata ungeitwa theluji, mtu mwenye haraka angechukua kisu vile vile. Huenda. Mama mwenye oda ya barafu ya harusi ya saa tisa hasubiri mafunzo ya msamiati, na sitasimama mahakamani kudai kwamba kamusi ingemzuia. Lakini biashara yake yenyewe inamtaka ajue tofauti. Ukoko ule, kwa kuwa umejaa hewa, huzuia baridi ya ukutani isifike kwenye vifuko vya maji. Kadiri unavyonenepa, mashine hufanya kazi muda mrefu zaidi, yuniti zinakatika, na maji yanabaki maji. Kwa maneno mengine, muuza barafu anafilisiwa na theluji. Asipokuwa na maneno mawili atalalamika kwamba friza ina barafu nyingi sana ndiyo maana haitoi barafu, na fundi naye atakubaliana naye kwa sababu fundi hajali.

Ng'ambo wanaolipa ni viuno. Mgeni anayehamia Minnesota au Norwei huonywa sana juu ya theluji. Anauziwa koti zito, viatu vya manyoya, glavu, na theluji ikianguka anapiga picha na kuituma nyumbani, ambako mjomba anaipokea kwa dua. Kwenye theluji mpya anatembea salama kabisa. Mguu unazama, unashika. Tatizo huja siku ya pili au ya tatu. Ile theluji imekanyagwa na kushindiliwa, ikayeyuka kidogo mchana, usiku ikaganda, na sasa imekuwa barafu. Mbaya kuliko zote ni ile nyembamba iliyolala juu ya lami, ambayo madereva wa kule huiita nyeusi ingawa haina rangi yoyote. Weusi ni wa lami inayoonekana chini yake. Mtu aliyejihami kwa theluji ya magotini huangushwa na barafu nyembamba kuliko sarafu. Ndiyo sababu miji ya huko hutuma malori usiku kumwaga chumvi barabarani, tani kwa tani, jambo ambalo ukimsimulia bibi atauliza kama hiyo barabara wanataka kuila. Chumvi huyafanya maji yasigande mpaka baridi izidi kiwango cha kawaida, kwa hiyo adui anayelengwa hapo ni barafu. Kanada hata hushauriwa watu watembee kama pengwini: hatua fupi, miguu imetanuka kidogo, mikono nje ya mifuko. Kijana aliyelelewa Mombasa kwa mwendo wa madaha ataona heshima yake imekwisha, na kweli imekwisha, lakini kiuno kimebaki. Kwa hiyo mjomba akitaka pole yake ifike penyewe, aulize kama barabara zimeshika barafu.

Pingamizi ambalo nalikubali kuwa zito ni la wenye kamusi. Wao husema: theluji yenyewe imeundwa na chembe za barafu, hivyo kila theluji ni barafu na aliyesema barafu inaanguka hajakosea, amejumlisha tu. Ni kweli. Fuwele ile ya pembe sita ni barafu, hakuna kitu kingine inachoweza kuwa. Zaidi ya hapo, mpaka kati ya mbili hizi huvukwa kila siku: kwenye njia za Toronto unavukwa kwa siku mbili, na kwenye milima mirefu unavukwa kwa miaka mingi, pale theluji ya msimu mmoja inapolaliwa na ya msimu mwingine, uzito ukakamua hewa, na chini kabisa pakabaki barafu nzito ambayo wataalamu wengine huiita barafuto, inayotambaa mteremkoni polepole. Lakini kitu kuweza kugeuka kingine si sababu ya kuvunja jina la kwanza. Kinyume chake, anayetaka kusimulia mageuzi anahitaji jina la mwanzo na jina la mwisho. Akiwa na moja tu hana cha kusimulia. Na hakuna mahali ambapo upungufu huo umetugharimu kama kwenye mlima wetu wenyewe.

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann, akiwa safarini kutoka Rabai kwenda Uchagani, aliona weupe juu ya mlima. Alimuuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini, na kwa maelezo ya Rebmann mwenyewe, yule bwana alijibu tu kwamba ni baridi. Hakutaja theluji wala barafu, akasema baridi. Naliona ni jibu la mtu mzoefu asiyetaka kuingizwa kwenye mabishano ya wageni, na historia imempa haki, maana mabishano yalifuata. Rebmann aliandika kwamba ni theluji. London mwanajiografia W. D. Cooley, ambaye mguu wake haukuwahi kukanyaga Afrika, akakataa kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta, na akaendelea kukataa hata baada ya msafiri Mjerumani Karl Klaus von der Decken kupanda sehemu ya mlima mwaka 1862 na kuangukiwa na theluji yeye mwenyewe. Kisha mwaka 1936 Ernest Hemingway akatoa hadithi iliyobeba theluji za Kilimanjaro kwenye jina lake, na tangu hapo dunia nzima inajua mlima ule una theluji. Neno lililosahaulika kwenye zogo hilo lote limehifadhiwa na kambi moja: wapandaji wanaopitia njia ya Machame hulala mara ya mwisho kabla ya kilele mahali panapoitwa Barafu, mita 4,673 juu ya bahari. Aliyepabatiza jina hilo alikuwa na macho mazuri.

Kwa sababu Kibo, kilele kirefu cha mlima huo, kina vitu viwili, si kimoja. Theluji yake huja na mvua za masika na za vuli, hutanda, hung'aa, na baada ya siku au majuma huondoka. Barafu yake ni jambo jingine. Wanasayansi wakiongozwa na Lonnie Thompson waliichimba mwaka 2000 na kukadiria kwamba ile ya chini kabisa ilikuwa na umri wa miaka kama 11,700. Mwaka 1912 ilienea kwenye kilomita za mraba 12 hivi. Mwaka 2007 zilikuwa zimebaki pungufu ya mbili. Sasa kila baada ya mvua nzuri ya Aprili hupigwa picha Moshi, mlima mweupe pe, na picha hiyo hutembea kutoka simu hadi simu na maneno ya furaha: theluji imerudi, wanasayansi walitudanganya! Mpiga picha ni mkweli, theluji imerudi. Kosa ni la anayedhani kwamba kilichorudi ndicho kilichoondoka. Kilichoondoka ni barafu ya maelfu ya miaka, na hiyo hairudishwi na masika moja.

Wabishi wana karata moja nzuri na sitawanyang'anya. Kikundi cha Thompson kiliandika mwaka 2002 kwamba barafu hiyo ingeweza kwisha kati ya 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita na barafu kidogo ingalipo, kwa hiyo wanayo haki ya kuicheka tarehe. Lakini kuchelewa kwa basi hakumaanishi kwamba limegeuza njia. Mwaka 2022 UNESCO ilitoa makadirio kwamba barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imetoweka ifikapo 2050. Na hapa ndipo maneno mawili yanapolipa deni lao lote. Theluji mpya, kwa weupe wake, hurudisha angani sehemu kubwa ya mwanga wa jua unaoipiga. Barafu iliyoachwa wazi na kuchafuka hunywa joto hilo, na katika hewa kavu ya kileleni nyingine hugeuka mvuke bila hata kuyeyuka. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 hali ya hewa ya ukanda ule imekuwa kavu zaidi, theluji imepungua, na barafu imekosa kinga yake. Sehemu kubwa ya sababu inaingia kwenye sentensi moja ya Kiswahili: barafu inaisha kwa sababu theluji imepungua. Mpe sentensi hiyo yule anayesema yote ni maji, naye kwa msamiati wake wa neno moja atakuambia kwamba barafu inaisha kwa sababu barafu imepungua. Hapo amesema nini?

Nawaomba wahariri wa magazeti na wote wenye kusambaza picha za mlima ule jambo dogo lisilo na gharama: chini ya picha andikeni mwezi iliyopigwa. Ya Aprili inaonyesha theluji. Anayetaka kujua barafu imebaki kiasi gani apige yake Septemba, kabla ya vuli.